Upande wa Kushoto wa Chasisi

Jumamosi, mwezi wa tano, mwaka wa sabini na sita. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, nyepesi, ya kupepeta, ikakoma kulipopambazuka na kuacha ukungu juu ya mtaa wetu wa Nateete, Kampala. Ua wetu ulikuwa tope. Nilitandika magunia mawili juu ya tope, nikainua pikapu kwa jeki, nikaweka magogo chini yake, nikalala chali na kuingia.

Nilikuwa nimechoka kabla sijaanza. Usingizi haukuja vizuri kwa sababu ya jambo la jana yake, na nitalieleza jinsi lilivyokuwa, nisilipunguze wala kuliongeza, kama ninaweza.

Jana yake, watu walipotoka swala ya Ijumaa, alikuja jirani yetu wa nyumba ya nyuma. Alikuwa sajini wa jeshi, mtu wa kaskazini, wa ng'ambo ya Nile. Yeye Mwislamu, mke wake Mkatoliki, na watoto wao watatu walikwenda huku na huku bila ugomvi. Aliniambia amehamishwa, na mke na watoto lazima warudi nyumbani kwao kabla yeye hajaondoka. Mke alikuwa mja mzito, miezi yake imekwenda sana. Akasema, "Muzee, Jumatatu asubuhi tunakwenda na gari yako. Petroli nitaleta mimi."

Hakupiga kelele. Hakushika bunduki. Alisema kama mtu anayeomba kiti. Lakini siku zile mtu mwenye sare akikuambia tunakwenda na gari yako, unasema sawa afande, na mimi nilisema sawa afande. Haki inanilazimu niandike pia kwamba mtu huyu hajawahi kutufanyia baya. Mara moja, kwenye kizuizi cha barabara ya Masaka, askari walikuwa wamekwisha kunishusha, naye akatokea kwenye lori lao akasema, "Huyu ni wa kwetu, mwacheni." Kwa hiyo ile sawa afande yangu ilikuwa na shukrani ndani yake na ilikuwa na woga ndani yake. Kipi kilikuwa kingi, sikujua.

Pikapu ilikuwa ya marehemu kaka yangu. Aliinunua kwa Mhindi mmoja kabla Wahindi hawajafukuzwa, na kwa miaka mingi alibeba chumvi kutoka Katwe. Si Katwe hii ya mafundi ninayoisema, bali ile Katwe ya mbali, magharibi, penye ziwa la chumvi. Chumvi ile ilikuja ikiwa mbichi, magunia yanachuruzika njia nzima mpaka soko la Owino. Kaka alipofariki mimi niliacha safari ndefu, nikawa nabeba matoke na makaa kutoka hapa Nateete.

Nyumbani kwetu kuna desturi ambayo sijaikuta kwa watu wengine. Idi ikikaribia tunapaka nyumba chokaa, kama wafanyavyo wengi, na siku hiyohiyo kaka alikuwa akipaka gari lami chini. Anachemsha lami katika debe, anaipaka kwa ufagio wa makuti, chasisi yote, ile miti miwili mirefu ya chuma inayobeba injini na bodi na mzigo. Alisema gari nalo lina haki ya kuvaa nguo mpya. Watu walicheka, lakini lilipendeza, jeusi tii. Alipofariki niliendelea. Kila Idi, tabaka juu ya tabaka, na hakuna aliyefikiri kuosha chumvi kwanza. Simlaumu marehemu. Nje lami ilizuia maji kweli. Kasoro ni kwamba kilichokuwa ndani ilikifungia humohumo.

Basi nikiwa chini ya gari nilikuwa na nyundo ndogo na patasi. Chuma kizima ukikigonga kinalia, na chuma kilicholiwa kinanyamaza. Nilianza mbele, karibu na injini. Kililia. Nikarudi nyuma taratibu, upande wa kushoto, na nilipofika nyuma ya kibanda cha dereva, pale springi ya nyuma inapoanzia, sauti ikabadilika. Ikawa kama unagonga boga. Nikabandua lami kwa patasi, ikatoka kipande kikubwa kama ganda la mti, na ndani yake kutu ilikuwa imejipanga kurasa kwa kurasa. Nikapiga tena. Nyundo ikaingia.

Nililala pale nikiitazama. Shimo lilikuwa la kuingiza vidole vitatu. Mahali pale ndipo uzito wote unapokaa gari likiwa na mzigo. Nikawaza barabara ya kaskazini, mashimo yake, kitanda na masanduku juu, mama mja mzito amekaa juu ya magodoro na watoto wamemzunguka. Chasisi ikikatika gari linakunjika katikati kama mkate wa chapati. Nikawaza daraja la Karuma juu ya Nile, halafu nikajikataza kuliwaza.

Likaja wazo jingine, na hili ndilo lililonichosha kuliko kazi yenyewe. Nilijiuliza kama lile pigo la pili nililipiga kwa nguvu inayotakiwa tu, au niliongeza. Kwa sababu sehemu ya moyo wangu haikutaka kwenda. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu ulivyokuwa na sikuweza. Mtu ukilala chali chini ya gari mkono hauna kipimo.

Mke wangu alikuja akachungulia, ameshika ufagio.

"Umeona nini huko?"

"Shimo."

"La panya?"

"La chasisi."

Akaegemeza ufagio ukutani. Yeye ni mtoto wa wafanyabiashara, watu wa pwani waliohamia Kampala zamani za babu zake, na hesabu ya jambo huifanya haraka kuliko mimi.

"Basi mwambie leo," akasema. "Usingoje Jumatatu wamekwisha kufunga vitanda."

"Nikimwambia ataona ninakataa."

"Na usipomwambia?"

Nikabandua kipande kingine cha lami.

"Toka huko chini basi, baba. Unaongea kama maiti."

Woga wangu haukuwa wa bure, na msomaji wa leo huenda asiujue. Miaka ile mtu mwenye gari aliliogopa gari lake mwenyewe. Askari wakilipenda wanalichukua. Kwa hiyo watu waliharibu mali yao kwa makusudi. Mmoja anafungua magurudumu na kulilaza gari juu ya matofali. Mwingine anatoa kifaa cha injini na kukificha darini, akiulizwa anasema gari bovu. Askari wenyewe walizijua hila hizo zote. Na mimi hapa nilikuwa na gari lililoinuliwa juu ya magogo, nyundo mkononi, na shimo jipya kwenye chasisi, siku mbili kabla ya safari ya sajini.

Sikupata nafasi ya kutafuta maneno. Kabla ya adhuhuri alikuja mwenyewe na mke wake, kupima kama kitanda kitaingia nyuma. Mke alikuwa anatembea pole pole, miguu imevimba, akakaa juu ya jiwe la kufulia bila kungoja kukaribishwa. Mke wangu akamletea kigoda cha kuwekea miguu.

Sajini aliliona gari juu ya magogo. Hakunisalimu. Ufunguo ulikuwa juu ya boneti. Aliuchukua, akatia kidole kwenye kipete cha ufunguo, akawa anauzungusha.

"Gari imeugua, muzee?"

"Afande, nilikuwa nalikagua kwa ajili ya safari. Nimekuta chasisi imeoza."

"Leo."

"Leo, afande."

"Jana ilikuwa zima."

"Jana nilikuwa sijaitazama."

Akaendelea kuzungusha ufunguo. "Kule Kawempe kuna muzee alitoa pampu ya petroli, akaizika kwa shamba yake ya muhogo. Akatuambia imeibiwa. Tukachimba." Akaukamata ufunguo, akauzungusha tena. "Tukapata pampu, tukapata na muhogo. Muhogo ulikuwa mzuri."

Mke wake akasema kutoka kwenye jiwe, "Huo muhogo sikuuona nyumbani."

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye, na alicheka kidogo tu, akashika kiuno.

Sajini aliinama, akatazama chini ya gari, halafu akalala kwenye gunia langu na sare yake. Nikaingia upande wa pili. Alitia vidole ndani ya shimo. Alitazama mabaki ya kutu kwenye gunia, akatazama nyundo.

"Shimo hii ni ya leo."

"Ndiyo, afande. Nimelitoboa mimi kwa nyundo, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyopima. Kingekuwa chuma kizima nyundo isingeingia."

"Piga upande ule."

Nikapiga upande wa kulia, mahali palepale panapoelekeana na shimo. Chuma kililia kama kengele ya shule.

"Tena."

Nikapiga tena. Kikalia. Nilitamani kinyamaze. Sijawahi kutamani ubovu wa mali yangu kama dakika ile, lakini upande wa kulia ulikuwa mzima na singeweza kusema vingine.

"Kwa hivyo kutu yako inachagua," akasema.

"Inachagua kama wewe unavyochagua nyama kwa supu," mke wake akasema kule nje. "Toka hapo, unachafua sare na mimi siwezi kuinama kufua."

Alitoka. Nami nilitoka, nikasimama mbele yake na tope mgongoni, nikamweleza. Nikamwambia habari za chumvi na habari za lami ya Idi. Nikamwonyesha kwamba ua wetu una mteremko, na gari linalala pale ukutani kila siku tangu kaka alipolinunua, limeinamia kushoto, kwa hiyo maji ya chumvi yalikuwa yanakusanyika upande mmoja. Nilieleza vibaya. Nilianza mwisho nikarudi mwanzo. Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi.

Sajini alisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima niliseme. Halafu akasema, "Maneno mengi, muzee." Na ufunguo ukawa umetulia mkononi mwake, hauzunguki tena kidoleni, na kutulia kule kulinitisha zaidi.

Mke wake ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na jua na wanaume pamoja, "Si mmwage maji mwone yanakwenda wapi?"

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu wiki iliyopita. Kulikuwa na jerikeni moja tu ya chemchemi, mke wangu ameibeba mwenyewe kichwani asubuhi katika utelezi, ya kupikia na ya kunywa. Aliingia ndani akaileta. Hakuniuliza. Tukaondoa magogo, gari likashuka likakaa kama linavyokaa siku zote, mke wangu akapanda nyuma akaanza kumimina.

Maji yalitawanyika kwanza juu ya bati la sakafu, halafu yote yakageuka yakaenda kushoto. Yakajikusanya kwenye pembe nyuma ya kibanda, pale bati lilipobonyea kwa miaka ya magunia. Yakazama kwenye tundu la bolti. Sajini alikuwa amechuchumaa chini. Maji yakatokea upande wa chini, yakaingia moja kwa moja kwenye lile shimo langu, na baada ya muda yakaanza kutoka mbele zaidi, ambako lami ilikuwa bado imefunika, mekundu kama chai, na vipande vya kutu ndani yake.

Alikinga kiganja. Akanusa. Akatia ulimi, akatema.

"Chumvi," akasema.

Nami nilionja, kwa sababu sikutaka shahidi awe mmoja. Kusema kweli mimi nilisikia kutu zaidi kuliko chumvi. Lakini yeye alisema chumvi, na sikumpinga.

Halafu akanyoosha mkono nimpe nyundo. Aliipiga chasisi ya kushoto mahali pengine, kiasi cha shibiri moja kutoka shimo langu, ambapo mimi sikuwa nimegusa. Nyundo ikaingia. Nilihisi mzigo ukinishuka mabegani, si wote. Maana mkono wake ulikuwa wa askari, na huenda mkono kama ule ungetoboa hata kisicho kibovu sana. Swali langu la asubuhi lilibaki na mimi nusu, na limebaki nusu hivyo hivyo.

Alikaa juu ya bampa.  Mke wangu alishuka na jerikeni tupu, akaiinamisha, matone ya mwisho akayamimina kwenye kikombe akampa yule mama anywe.

"Mke wangu hapandi hii," sajini akasema mwishowe.

"Hapana, afande."

"Atakwenda na treni mpaka Pakwach. Ndugu zake watakuja pale."

"Na cherehani yangu?" mke wake akauliza.

"Cherehani itakuja na gari ikipona."

"Gari isipopona?"

"Basi utashona kwa mkono, kama bibi yako."

"Bibi yangu hakuolewa na jeshi," akasema, na akanyanyua miguu yake akairudisha kwenye kigoda, maana yake hana haraka ya kuondoka.

Sajini aliuweka ufunguo juu ya boneti, palepale alipoutoa. Kisha akavua shati la sare, akalikunja vizuri, akampa mke wake, akachukua patasi. Nilimwambia, afande, hiyo ni kazi yangu. Akasema, "Safari ya Jumatatu ilikuwa yangu pia," tukaliinua gari tena juu ya magogo, akaingia chini.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Lami ilikuwa ngumu kutoka. Tuliilainisha kwa mafuta ya taa kidogo tuliyokuwa nayo, tukaikwangua kwa patasi, tukasugua kwa brashi ya waya mpaka mahali chuma kilipokuwa chuma kikaonekana. Pale palipokuwa laini tuliendelea kubandua hadi tukafika kwenye ugumu, na shimo likawa refu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Mchana ikanyesha tena, mvua ya kweli, na tulikinga maji ya paa kwa madebe, tukasukutua ndani ya chasisi tena na tena, tukaonja mpaka maji yakawa hayana chumvi. Nilitoboa vitundu chini ya chuma ili maji yakiingia yapate njia ya kutoka. Mvua ilipopita mke wangu aliwasha sigiri ya makaa tukaisukuma chini ya gari, moto mdogo, kukausha. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu nilikuwa nayo nusu kopo, nyingine haikupatikana dukani kwa namna yoyote. Tulipaka nje. Ndani tulimimina oili chafu ya injini.

Bado palihitaji bamba nene la kufungwa kwa bolti juu ya sehemu iliyoliwa, kwa sababu gesi ya kuchomelea haikuwepo mjini. Sajini alisema bamba ataleta. Sikuuliza litatoka wapi.

Tulipokuwa tumelala chali wawili, lami ikitudondokea usoni, aliongea kidogo. Alisema kule anakohamishiwa hajawahi kufika na hajui anakwenda kufanya nini.

"Hukuomba kubaki mpaka mama ajifungue?" nikamuuliza.

"Kuomba nani?" akasema. Akasugua kwanza. "Mimi pia niliambiwa tu, muzee. Kama wewe."

Alisema kwa sauti ya chini, chini ya gari, ambako hata wake zetu hawakusikia. Sitaki kumfanya mwema kuliko alivyokuwa. Asubuhi ile alishika ufunguo wangu na angeweza kuondoka nao, na wenzake waliondoka na funguo nyingi. Lakini maneno yale aliyasema. Nilimpa brashi nyingine kwa sababu yake ilikuwa imekwisha nywele.

Jumatatu mama yule alipanda treni na watoto. Bamba lilikuja katikati ya wiki, limekatwa vizuri, na bolti zake zote. Nilipeleka kitanda, masanduku na cherehani peke yangu, nikienda pole pole mno, nikisimama kila mara kuchungulia chini. Gari lilifika. Sajini sikumwona tena, wala habari zake sikuzipata. Mke wake alituma salamu mara moja kwamba amejifungua salama, mtoto wa kike.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, jua lilipokuwa linazama, niliosha mikono kwa majivu na lami haikutoka. Mgongo ulikuwa unaniuma kiasi kwamba niliswali magharibi nimekaa. Yule mama, kabla hajaondoka uani kwetu, alimtuma mtoto wake mkubwa nyumbani, mtoto akarudi na bakuli la ufuta uliosagwa wa kwao kaskazini, mama akampa mke wangu, akasema ni kwa ajili ya yale maji ya jerikeni. Mke wangu alikataa mara ya kwanza, kisha akapokea. Jioni tulikula viazi vitamu vilivyochemshwa kwa maji ya mvua, tunachovya katika ule ufuta, na chai ya rangi bila sukari.